Mabaka ya kijivu kwenye mahindi, mbona urea haisaidii?

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Mi nalima mahindi huku Mbozi, yalianza vizuri kabisa ila yalipotoa mbelewele majani ya chini yakashika mabaka ya kijivu marefumarefu na sasa yanapanda juu. Jirani akasema ni njaa ya mbolea, nikaongeza urea, wapi! Mabua mengine yameanza kulala. Shida nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kama mabaka yana pembe, yaani mstatili, yanafuata mishipa ya jani bila kuivuka, hayo ni madoa ya kijivu, ugonjwa wa ukungu. Njaa ya naitrojeni inakuja na unjano unaoanzia ncha ya jani ukishuka katikati kama herufi V, nadhani jirani alichanganya hapo, na si yeye tu.

Sasa urea itafanya nini kwenye jani lililokufa? Ile usanisinuru tuliyosoma shule, mmea kutengeneza sukari kwa jua, maji na hewa, inafanyika kwenye kijani. Ukungu huu unaingia kwa vitundu vya hewa vya jani halafu unatoa sumu, sekosporini, na hiyo sumu inawashwa na mwanga, jua likipiga tu inaharibu utando wa seli, seli zinakufa. Yaani jua lile lile mmea unalolitegemea ndo linatumika kuuua! Na usihesabu mabaka tu, hata kijani kinachoyazunguka mara nyingi kinakuwa kimeshazorota.

Kibaya zaidi ni muda. Jani la gunzi, yaani lile lililopo pale gunzi linapotokea, na yale ya juu yake ndo yanalisha punje kwa sehemu kubwa, yakiliwa wakati punje zinajaa gunzi linavuta akiba ya sukari kwenye bua, bua linadhoofu, ukungu wa kuozesha unaingia, ndo hayo yanayolala. Watu wanasingizia upepo, upepo unamalizia tu.

Dawa ya ukungu, mfano yenye azoksistrobini, inalinda jani ambalo bado lina afya, haifufui lililokufa. Kama ndevu ndo zimetoka na majani ya juu bado safi, piga, ila soma lebo kwanza. Punje zikishakuwa ngumu, hela yako kaa nayo.

Msimu ujao usirudishie mahindi juu ya mahindi maana ukungu huu unalala kwenye mabaki ya mabua na majani, weka maharage au alizeti, na dukani ulizia mbegu inayovumilia madoa ya kijivu, hasa kama kwako umande unakaa mpaka saa nne asubuhi.

Kwa sasa, punje zikikomaa pita shambani uminye mabua kwa vidole kwenye pingili za chini, ukikuta mengi yanabonyea vuna mapema ukaanike nyumbani, usisubiri yakaukie shambani.