Jasho ndilo litakalokugandisha, si theluji

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi hapa Unguja. Novemba naenda Bergen, Norwe, kwa mwaka mmoja wa kubadilishana uzoefu hospitalini. Wenyeji wangu wameshaniambia kuwa theluji ikianguka watanifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, ile ya kwenda masafa porini, si ya kuporomoka mlimani. Nimenunua Darajani jaketi nene la skii, suruali mbili za jinsi, fulana nzito za pamba, na buti zilizonizidi namba mbili ili ziingie soksi tatu. Ushungi nitavaa kama kawaida. Kuna mtu anauza skii za mtumba kwa bei rahisi. Nichukue? Nina urefu wa sentimita 160.

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Skii hizo mwachie mwenyewe. Hukunitajia kilo zako, na sidhani kama yeye alikuuliza. Asiyeuliza uzito hauzi skii, anauza mbao.

Skii ya masafa imepinda katikati kama upinde, na chini ya upinde huo ndipo penye sehemu inayokamata theluji unapojisukuma. Ukisimama juu ya skii zote mbili, karatasi iliyowekwa chini ya katikati ivutike bila taabu. Ukihamishia mwili wote mguu mmoja, karatasi hiyo ibanwe isitoke. Ukiwa mwepesi kuliko skii inavyotaka, hutaikandamiza chini na kila hatua utateleza kurudi nyuma. Ukiwa mzito kuliko inavyotaka, utakwenda huku umekanyaga breki. Kwa kimo chako urefu wa skii utaangukia karibu na sentimita 180, lakini dukani anza kwa kutaja kilo. Fimbo zifike baina ya kwapa na bega. Utazisukumia nyuma kama mtu apigaye pondo.

Chagua skii zenye utepe wa mohairi, manyoya ya mbuzi, chini, si za kupaka nta ili zikamate theluji. Bergen ni mji wa mvua, na theluji inayokaribia nyuzi sifuri ndiyo inayowashinda hata wenyeji kuipatia nta. Buti nazo huendana na vifungo vya skii: buti ya mfumo wa NNN haishiki kwenye kifungo cha SNS. Kwa hiyo usinunue hata kimoja ukiwa huku. Norwe kuna vituo viitwavyo BUA vinavyoazimisha vifaa vya michezo, mara nyingi bila malipo. Azima, jaribu, kisha ndiyo ufikirie kununua.

Hayo ya skii yanarekebishika siku moja. Kilichonikaa kooni ni hilo jaketi na hizo fulana.

Nimefanya kazi misimu saba katika duka la kukodisha vifaa huko huko, na tangu nirudi nyumbani sijapata msafiri hata mmoja asiyeniambia maneno haya: "Nimeshajipanga, nimenunua nguo nzito." Nani aliyewafundisha kuwa unene ndio joto? Muuzaji. Anakushikisha jaketi, anakwambia hili ndilo la barafu lenyewe, na kweli ndani limeandikwa skii. Hakwambii, au hajui, kuwa limeshonwa kwa anayeporomoka mlimani, ambaye hupanda kwa kukaa kwenye kiti cha kamba, upepo ukimpiga, bila kutikisa mguu. Wewe utafanya kazi kwa mikono na miguu saa mbili mfululizo, kama mtu anayevuta juya. Nani huvuta juya na jaketi?

Dakika kumi tu, umelowa. Fulana ya pamba inakunywa lile jasho lote na kulishikilia ngozini. Kisha mnasimama kunywa chai. Maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyotulia. Waulize wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani: wakitoka majini na kanga mbichi, kusi ikavuma, wanatetemeka, na hapo ni nyuzi ishirini na kitu. Sasa ifikirie kanga hiyo mbichi kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri. Msimu wangu wa kwanza nilitoka na jinsi na fulana ya pamba. Chai haikuisha kikombeni, vidole vikakataa kufunga zipu, na mwenzangu ndiye aliyenivua na kunivisha fulana yake ya akiba.

Tazama picha za Philip Boit, Mkenya aliyeshindana skii ya kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akamaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamngojea kumkumbatia. Utamwona na nguo nyembamba iliyombana mwili. Hakubeba godoro.

Nguo ya kugusa ngozi, juu na chini, iwe ya sufu nyembamba. Sufu ya kondoo, si sufi ya mito. Dukani huko uliza "ull". Hata ikilowa inabaki na joto. Juu yake sweta jepesi, kisha koti na suruali nyepesi za kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni ukahisi baridi kidogo, umevaa sawa. Ukihisi raha, umezidisha. Jaketi lako la Darajani litakaa kwenye begi pamoja na fulana kavu ya sufu, ulivae mnapopumzika. Jinsi ziache nyumbani.

Ushungi wa pamba unalowa shingoni kabla ya pahala pengine popote. Tafuta miwili ya sufu nyembamba, mmoja wa kuvaa na mmoja mkavu wa akiba, na ncha uzitie ndani ya koti zisinaswe na fimbo. Buibui litakanyagwa na skii. Kanzu fupi ya magotini juu ya suruali inastiri. Soksi ni moja, ya sufu. Soksi tatu hubana mguu, damu haipiti, na mguu usiopata damu hauna soksi ya kuuokoa.

Na hili si la skii peke yake. Vijana wanaokwenda kusoma Ulaya wanauziwa vichupa vya mafuta ya pilipili wapake vidoleni "kuzuia barafu". Pilipili haileti joto, inaidanganya mishipa ya fahamu tu. Anayesikia moto kidoleni hatajua kidole kimeanza kufa ganzi, na ganzi hiyo ndiyo onyo lake la kwanza. Nimewaona pia wanaoambiwa wasugue kwa theluji. Wewe ni muuguzi, waambie wenzako: ngozi ikiwa nyeupe kama nta na haina hisia, haisuguliwi kwa kitu chochote. Mkono utiwe kwapani, mtu aingizwe ndani, na akishakuwa mahali ambapo hatagandishwa tena, kidole kitiwe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, yapimwe kwa kipimajoto au kwa kiwiko cha mtu mwingine, kwa sababu mkono wake mwenyewe hautajua kama yanaunguza.