Kusudi la maisha bila Mungu muumba?

Ndugu, umeuliza Mbudha anapata wapi kusudi la maisha ikiwa imani yake haimtegemei Mungu muumba. Swali hili ni zito, nami nalipenda.

Buddha hakuanzia kwenye "kwa nini tupo". Mtawa Malunkyaputta alipombana aseme kama ulimwengu ni wa milele au la, alimpa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu: akikataa kutibiwa mpaka amjue aliyemrushia, atakufa kabla hajapata jibu.

Kazi basi ni kuung'oa mshale, yaani kupunguza tamaa, chuki na ujinga ndani yako, na mateso unayowasababishia wengine. Mimi ningekushauri uanze na usemi mwema, mojawapo ya sehemu nane za Njia, yaani mwenendo ambao Buddha aliufundisha wa kuondoa mateso. Huo unaweza kuujaribu leo hii, hata kabla hujajifunza kutafakari.