Kulinganisha kelele za feni: PS4 Pro na PS5

Mkuu, unashangaa kwa nini simu yako inaonyesha mashine za gemu PS4 Pro na PS5 zikikaribiana kwa kelele, wakati sikio linasikia tofauti kubwa. Tatizo si simu yako, ni chumba. Umesema Pro imesoma desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 44, PS5 42, na mashine zote zikizimwa chumba chenyewe kinasoma 41. Desibeli hazitolewi moja kutoka nyingine kama shilingi. Ukiondoa kelele za chumba kwa hesabu ya logi (logarithm), Pro inabaki na 41 hivi na PS5 kama 35, ndiyo maana sikio linasikia tofauti kubwa. Ila hiyo 35 usiiamini: kipimo kikizidi kelele za chumba kwa chini ya desibeli 3, hakifai. Kikizidi kwa 10, sahau chumba.

Rudia usiku, friji na pangaboi vimezimwa, TV bila sauti. Simu ile ile, programu ile ile, kwenye dBA (desibeli zinazofuata usikivu wa sikio), na usome wastani wa dakika moja, si kilele. Weka maiki mita 1 mbele ya mashine, simu ikiwa juu ya taulo ili mtikisiko wa meza usipite. Kabla ya kupima, cheza gemu nzito nusu saa. Kwenye menyu feni haijachangamka. Tumia gemu ya kupakua, kwani diski ikianza kuzunguka hufunika kila kitu.

Halafu safisha vumbi la Pro kwanza, la sivyo unapima uchafu. Angalia na namba ya toleo kwenye lebo ya nyuma ya Pro: CUH-7200 ni tulivu kuliko CUH-7000, kwa hiyo taja toleo unapoleta namba.