Vifaranga wa bata wanatoana damu: nimuuze mbabe?

Swali: Nina vifaranga 14 wa bata, wale wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni. Waliatamiwa na kuku na sasa wana wiki 5. Banda lao ni mita 1 kwa mita 1. Balbu ya wati 100 inawaka usiku na mchana, maji nawawekea kwenye chombo cha vifaranga wa kuku, chakula ni pumba za mahindi na dagaa kidogo. Mmoja amewapita wenzake wote kwa ukubwa na anawafukuza kwenye chakula. Mwingine amedumaa, anachechemea, na karibu na mkia amenyofolewa manyoya mpaka anavuja damu. Nimuuze yule mbabe? Na akikua ataendelea na tabia hiyo? – Mfugaji, Kibaha

Jibu: Usimuuze, angalau si sasa. Hapo umeeleza mambo mawili, na yule mkubwa anahusika na moja tu. Kuwafukuza wenzake kwenye chakula ni kupanga ukubwa, yaani nani ampishe nani, jambo ambalo kila kundi la bata lazima lipitie. Kunyofoana manyoya mpaka damu itoke ni kitu kingine kabisa, na chanzo chake kiko kwenye banda, maji na chakula. Ukimuuza mbabe ukaacha banda lilivyo, baada ya siku chache atatokea mnyofoaji mwingine, pengine hata yule mpole kuliko wote.

Tuanze na damu, kwa kuwa ndiyo haiwezi kusubiri.

Mchukue aliyejeruhiwa leo hii. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha, kisha paka iodini. Mtenge kwenye sehemu yenye kivuli, lakini awe anawaona na kuwasikia wenzake kupitia waya. Kifaranga wa bata akiwekwa peke yake hulia mfululizo na hula kidogo. Kama yupo mwenzake mtulivu, muweke naye. Asirudi kundini mpaka kidonda kikauke kabisa, maana wekundu wa damu huwavuta wengine kudonoa palepale.

Sasa mtazame kwa karibu mmoja wa wale wazima. Wiki ya 4 hadi ya 6 bata wa aina hii huanza kutoa manyoya ya kweli mabegani, ubavuni na mkiani. Kila unyoya mpya huchomoza ukiwa ndani ya ala laini ya rangi ya buluu, na ndani yake kuna damu. Ukivunjwa unavuja. Mwenzake akionja mara moja atarudi tena, na wengine watajifunza kwa kumtazama. Bata hawa, wanaoitwa Maskovi kitaalamu, wanajulikana kwa tabia hii kuliko bata weupe aina ya Pekin. Ndiyo sababu umri huu ni wa kuwaangalia kwa makini, hata kama wiki nne za kwanza zilipita salama.

Mambo manne katika maelezo yako yanawasukuma kunyofoana.

La kwanza ni nafasi. Vifaranga 14 kwenye mita moja ya mraba maana yake kila mmoja ana sentimita za mraba kama 700. Hiyo inawatosha wakiwa na wiki 2 au 3. Katika wiki ya 5 kila mmoja anahitaji kama 1,500, na ya 7 zaidi ya 2,300. Kwa hiyo wako wanahitaji mita za mraba 2 sasa hivi na zaidi ya 3 baada ya wiki mbili. Wape 4 mara moja ili usijenge mara mbili. Nafasi si suala la kulala tu. Aliyefukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia. Kwenye banda la mita moja anakimbia na kugota kwenye kona, mfukuzaji anamkuta palepale, na kinachofuata ni mdomo kwenye mkia. Wakitoka nje mchana kwenye uwanja uliozungushiwa waya, wakala nyasi na kutafuta wadudu, mdomo unapata kazi. Kwa bata hiyo ni tiba yenye nguvu kuliko nyingine zote nitakazotaja.

La pili ni balbu. Kifaranga wa bata anahitaji joto la kama nyuzi 32 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi 3 kila wiki: 29, 26, 23. Kwa Kibaha, wiki ya 5 hali ya hewa ya mchana peke yake inapita kiwango hicho. Balbu ya wati 100 sasa inawachosha kwa joto, na mwanga wake mkali unaonyesha kila unyoya na kila tone la damu. Izime mchana. Usiku wa baridi waachie maranda makavu ya kutosha, nao watalala wakiwa wamekumbatiana. Lakini usiwatie gizani ghafla. Bata wachanga wakishtushwa gizani hukimbilia kona moja na kukanyagana. Taa ndogo hafifu inatosha, na baada ya wiki moja wanaweza kuzoea giza. Kipimo bora cha joto ni wao wenyewe: wakirundikana chini ya balbu wanaona baridi, wakijibanza ukutani midomo wazi wanaona joto, wakitawanyika kila mahali wako sawa.

La tatu ni maji. Chombo cha vifaranga wa kuku kina mfereji mwembamba ambao bata analowesha ncha ya mdomo tu. Bata lazima azamishe mdomo mpaka matundu ya pua yafunikwe, ili aoshe pua na macho. Asipoweza, matundu huziba kwa chakula, macho huanza kutoa uchafu wa kunata, na kwa kuwa hana mahali pa kuchezesha mdomo, anauchezesha kwenye manyoya ya mwenzake. Chukua beseni lenye kina cha sentimita 8 hadi 10, weka mawe katikati ili anayeingia aweze kutoka, kisha liweke juu ya waya uliotandazwa juu ya karai au shimo dogo lenye kokoto. Maji yote wanayomwaga yataishia humo badala ya kulowesha maranda. Maranda yaliyolowa huota ukungu na kutoa harufu ya amonia, na hilo ni tatizo jingine. Weka mabeseni mawili, mbalimbali, yule mkubwa asiweze kuyalinda yote kwa wakati mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa chakula. Kuogelea kunaweza kusubiri mpaka manyoya ya kifuani na tumboni yamejaa. Kabla ya hapo wape dakika chache tu za kuoga wakati wa jua kali, na mahali pakavu pa kujianikia, maana waliolelewa na kuku hawana mama wa kuwaongoza majini na kuwafunika baadaye.

La nne, chakula, nitalikalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye maelezo ya yule aliyedumaa.

Pumba za mahindi zinashibisha, lakini vifaranga wa bata wanahitaji protini ya asilimia 20 hadi 22 wiki mbili za kwanza, halafu asilimia 16 hadi 18 mpaka wakomae. Mwenye upungufu wa protini hutafuta manyoya, kwa kuwa unyoya ni protini. Zaidi ya hapo kuna vitamini ya niasini. Kifaranga wa bata anahitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, kiasi kinachokaribia mara mbili ya mahitaji ya kifaranga wa kuku, kwa sababu mwili wa bata ni dhaifu katika kujitengenezea niasini kutokana na protini. Niasini iliyomo kwenye mahindi kwa sehemu kubwa imefungika, hivyo inapita tumboni bila kufaidisha. Matokeo ndiyo unayoyaona: kifundo cha mguu kinavimba, miguu inapinda kama upinde, anachechemea, anachelewa kufika kwenye chakula, anadumaa. Wenzake wanaanza kumdonoa kwa sababu ndiye asiyeweza kukimbia. Kwa hiyo sidhani kwamba amedhoofishwa na ubabe. Inaelekea alianza na miguu, ubabe ukamkuta hapo.

Nunua chakula cha vifaranga wa kuku kisicho na dawa, au changanya chako ukiongeza dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti na pumba za ngano. Kwa wiki mbili weka vitamini B kompleksi kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hakikisha niasini imetajwa, na badilisha maji hayo kila siku. Maini yaliyochemshwa na kukatwakatwa, kijiko kimoja kwa siku kwa huyo mgonjwa, yanasaidia sana. Mguu ulioanza kupinda juzi hurudi. Uliopinda kwa wiki kadhaa mara nyingi haunyooki kabisa, ingawa bata anaweza kuishi vizuri. Kabla ya yote kagua pia nyayo zake: kidonda cheusi kigumu chini ya unyayo, au mwiba, kinaweza kuwa ndicho kinachomchechemesha.

Chakula cha unga kiloweshe kidogo kifanye mabonge yanayomeguka, kwani unga mkavu huganda mdomoni. Baada ya saa mbili au tatu ondoa kilichobaki. Tafadhali usiwape bata chakula chenye ukungu kwa kudhani watakichambua. Sumukuvu inawaua bata wachanga upesi kuliko karibu ndege wote wa kufugwa. Maabara zilizoanza kuchunguza sumu hiyo baada ya vifo vya bata mzinga Uingereza mwaka 1960 zilitumia vifaranga wa bata wa siku moja kupima kama chakula kina sumu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe.

Sasa yule mkubwa.

Kupangana ukubwa kulielezwa kitaalamu na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyechapisha utafiti wake kuhusu kuku mwanzoni mwa miaka ya 1920, na bata nao wana utaratibu huo ingawa wao ni wapole zaidi. Wiki mbili za kwanza utaona tofauti za tabia tu. Mmoja ndiye wa kwanza kusogelea kitu kigeni, mwingine hula akiwa nyuma ya wenzake, mwingine hulia kila akipotezana na kundi. Kuanzia wiki ya 3 wanaanza kupimana. Wanakabiliana kifua kwa kifua, kila mmoja anauma manyoya ya shingo au bega la mwenzake, wanazunguka, mmoja anageuza mgongo na kuondoka. Ugomvi wa kweli wa ukubwa huishia hapo, ndani ya sekunde chache, pasipo damu. Siku ya pili aliyeshindwa anampisha mshindi kabla hajaguswa. Bata wako wakifikia kupishana hivyo, kundi limetulia, na ukiwaingilia kila mara unawarudisha mwanzo.

Kwa hiyo mtazame dakika kumi baada ya kuweka chakula, kwa siku tatu. Wafunge uzi wa rangi mguuni, usiobana, na ulegeze kila wiki kwa kuwa mguu unanenepa. Angalia mfukuzaji anasimama wapi. Akimfukuza mwenzake hatua mbili tatu kisha akarudi kula, huo ni ukubwa wa kawaida. Akimfuata mpaka mwisho wa banda, akamshika mgongoni asimwachie, huyo ana shida. Angalia pia ni nani hasa ananyofoa. Mara nyingi si mkubwa. Ni mmoja anayesimama nyuma ya aliyelala, kimya, akivuta unyoya mmojammoja.

Ukimpata mnyofoaji, mtenge yeye kwa siku tatu hadi nne. Anaporudi anajikuta mgeni, na wengine wameshajipanga bila yeye. Ukimtenga aliyeonewa peke yake bila kumgusa mchokozi, siku akirudi anaanzia chini kabisa. Huyo wako hana budi kutengwa kwa sababu ya kidonda, basi mtenge na mchokozi pia, kila mmoja upande wake. Siku ya kuwarudisha, rudisha dhaifu kwanza, jioni, na mchokozi siku mbili baadaye. Mwaga majani ya mchicha au azola (mmea mdogo unaoelea majini) sehemu kadhaa muda huohuo ili wote wawe na shughuli.

Kuhusu tabia yake ukubwani: cheo cha wiki ya 5 hakidumu. Katika bata hawa dume hukua mpaka kukaribia mara mbili ya uzito wa jike, hivyo huyo anayewazidi wote kwa umbo na miguu minene huenda ni dume tu aliyetangulia. Madume wengine wakimfikia, watapimana upya. Utawaona wakisimamisha manyoya ya utosini, wakitikisa mkia na kurusha kichwa mbele na nyuma huku wakitoa mlio wa kufoka. Kupimana huko huongezeka wakikaribia kupevuka. Hapo ndipo uchague: dume mmoja kwa majike 4 au 5, waliobaki uwauze au uwachinje. Madume wengi kupita kiasi huchubua shingo za majike kwa kuwapanda. Na kwa kuwa wako waliatamiwa na kuku, chunga madume wakikua wasilale na mitetea, kwa sababu baadhi humtafuta kuku kama jike lao, na dume la bata linaweza kumjeruhi kuku vibaya.

Jambo moja zaidi la kuangalia utakapokuwa umezoea nani ni nani: bata wa juu akianza ghafla kuwapisha wa chini yake, mkague siku hiyohiyo. Pima uzito, tazama kinyesi, macho, miguu. Mara nyingi kushuka cheo hutangulia dalili nyingine za ugonjwa.

Ukirekebisha banda, maji na chakula wiki hii, kunyofoana kunatakiwa kupungua ndani ya siku saba hadi kumi. Kukiendelea, na ikawa ni yuleyule mmoja kila mara, huyo ndiye wa kuuza. Akifa kifaranga, au wawili watatu wakianza kulegea shingo na kuharisha kwa pamoja, usingoje; mpigie afisa mifugo wa kata yako.