Swali la lugha: Programu ya bure, ya chanzo wazi, au huria?

Msomaji mmoja anatafsiri mwongozo wa watu wanaoanza kutumia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Ananiandikia: "Mwalimu, nimekwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Nimeandika: 'Linux ni programu ya bure ya chanzo wazi yenye matoleo mengi, kama Debian na Fedora.' Mwenzangu anashikilia niseme 'programu huria'. Je, bure, huria na chanzo wazi si kitu kimoja? Na ile sehemu ya ndani ya mfumo, "kernel" kwa Kiingereza, niiite punje, kokwa au kiini?"

Ndugu msomaji, mwenzako yuko sahihi, na nitalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu hapa Kiswahili kimejaliwa kuliko Kiingereza.

Kiingereza hutumia neno moja, "free", kwa uhuru na kwa kutolipa. Mwandaaji wa programu Richard Stallman alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi huria, alikusudia uhuru: mtumiaji awe na haki ya kuiendesha programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine, na kuwagawia hata ile aliyokwisha kuibadilisha. Kuiuza hakukatazwi. Lakini wengi walisikia "bila malipo", na watetezi wa programu hizo wamekuwa wakirudia miaka yote kwamba hawazungumzii bei. Sisi hatuna taabu hiyo. Bure ni neno lake, huru ni neno lake. Ukiandika "programu ya bure" unaiingiza katika Kiswahili kasoro ambayo hakikuwa nayo.

Tena bure lina maana ya pili, na mzawa wa lugha huisikia hata asipoifikiria: kazi bure, maneno ya bure, kujisumbua bure. Ni kitu kisicho na faida. Mfumo unaoendesha seva nyingi za intaneti haustahili kukaribishwa kwa jina lenye harufu hiyo. Kama kweli unataka kusema kwamba msomaji hatatoa hela, andika "bila malipo" na yaishe.

Sasa huria. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa huru na uhuru. Tunasema soko huria, yaani soko ambalo wauzaji na wanunuzi hawafungwi na bei ya kuamriwa. Tunasema pia Chuo Kikuu Huria, na hapo maana inaelekea kwenye uwazi: chuo kinachompokea hata asiyeweza kukaa darasani kila siku. Tazama basi bahati tuliyo nayo. Mwaka 1998 baadhi ya waandaaji wa programu walichagua jina jipya, "open source", lenye kusisitiza uwazi wa msimbo badala ya uhuru wa mtumiaji, na tangu hapo pamekuwa na kambi mbili zenye majina mawili. Neno huria linazibeba zote mbili bila kuvunjika. Ni pale tu maandishi yako yanapojadili tofauti ya kambi hizo ndipo utahitaji kuwa na majina mawili. Hapo tumia "programu huria" kwa ile ya kwanza na "programu ya msimbo wazi" kwa ya pili. Na usisahau kwamba huria halichukui kiambishi: mfumo huria, mifumo huria, leseni huria.

Kwa nini nasema msimbo wazi na si chanzo wazi? Kwa sababu chanzo, likiachwa peke yake, ni asili au sababu: chanzo cha mto, chanzo cha ugomvi. Anayesoma "tatizo lenye chanzo wazi" ataelewa kwamba sababu ya tatizo inajulikana. Kilicho wazi katika programu hizi ni maandishi aliyoyaandika mtaalamu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, nayo ni msimbo. Wengine husema "kodi". Ninawasihi waache, kodi tayari ina kazi nzito ya kutosha kwenye nyumba na serikalini.

Kuhusu sehemu ya ndani, chagua kiini. Punje na kokwa ni tafsiri ya kamusi, zinatupeleka kwenye nafaka na matunda. Kiini tumezoea kukitumia kwa mambo yasiyoshikika: kiini cha hoja, kiini cha tatizo. Na kinapata mwenza mzuri, ganda, yaani ile programu inayopokea amri unazoandika na kuzifikisha ndani. Mtumiaji hugusa ganda. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuongoza vifaa. Uhusiano wa sehemu hizo mbili unaonekana kwenye maneno yenyewe, na mwanafunzi hahitaji mchoro.

Hapo ndipo penye kosa lako jingine, ambalo si la lugha tu. Linux aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki ni kiini. Mfumo endeshi mzima hupatikana kiini hicho kinapounganishwa na mamia ya vifurushi vingine, yaani programu zilizofungashwa tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Debian na Fedora si matoleo ya Linux. Toleo ni hatua ya kitu kilekile kadiri kinavyokua: Debian ya 11, Debian ya 12. Ukilitumia neno toleo kwa Debian yenyewe, utakosa la kutumia ukifika kwenye namba. Wengi husema "distro", nami siwalaumu. "Usambazaji" unaoonekana kwenye tafsiri nyingi unataja tendo, hautaji kitu. Pendekezo langu ni mkusanyo, kwa kuwa ndivyo kitu chenyewe kilivyo.

Utakutana pia na sakinisha, ambalo nalipenda: kusakini ni kukaa mahali, kama ilivyo maskani, kwa hiyo kusakinisha ni kuipa programu makao. Sasisha limetokana na sasa. Angalizo moja tu: katika Debian kuna amri inayosasisha orodha ya vifurushi na nyingine inayoleta vifurushi vipya vyenyewe. Ya pili iite boresha, la sivyo wasomaji wako watasasisha orodha wakadhani wamemaliza. Na "mzizi" liache kwa mwanzo wa mti wa mafaili. Mtumiaji mwenye mamlaka yote mwite msimamizi mkuu, ingawa Kiingereza huwaita wote wawili jina moja, "root".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Linux ni kiini cha mfumo endeshi huria; huunganishwa na vifurushi vingine katika mikusanyo mingi, ikiwemo Debian na Fedora."