Ding Liren na michezo 26: je, alijipandishia kiwango nyumbani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasikia Ding Liren aliingia mashindano ya Wagombea (yale ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia wa sataranji) mwaka 2022 baada ya chama cha sataranji cha China kumwandalia michezo 26 ndani ya kama mwezi mmoja, tena dhidi ya Wachina wenzake. Huko si kujipandishia kiwango nyumbani? Naomba unifafanulie hesabu yake.

JIBU: Marahaba. Hesabu yenyewe inamtetea Ding, kwa hiyo tuanze nayo.

Kiwango ni alama za mchezaji, zinazopanda na kushuka kwa matokeo yake; Ding alikuwa na 2799. Kwa mchezaji aliyewahi kufika 2400, kizidishio, yaani namba inayozidisha tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa, ni 10. Wewe kama hujafika huko na si mgeni wala kijana, chako ni 20. Tuseme Ding amekaa mbele ya grandmasta wa 2599. Kwa tofauti ya 200, jedwali la FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, linamtarajia apate 0.76 ya pointi. Akishinda anapata 1, ziada ni 0.24, zidisha kwa 10: anapanda 2.4 tu. Wakitoka sare anapata 0.5, amepungukiwa 0.26, anashuka 2.6. Akifungwa, 7.6 zimekwenda. Kwa wapinzani wa aina hiyo, hata asipofungwa kabisa ni lazima ashinde zaidi ya nusu ya michezo ndipo asiteremke. Sare kumi bila ushindi zingemshusha 26. Anayetafuta njia ya mkato hapiti hapo.

Kiwango hakikuwa tatizo lake. Sergey Karjakin alikuwa amefuzu kupitia Kombe la Dunia la 2021, lakini Machi 2022 FIDE ikamfungia miezi sita kwa kauli zake za kuunga mkono uvamizi wa Ukraine. Nafasi ikawa ya mwenye kiwango cha juu zaidi kwenye orodha ya Mei 2022 kati ya wale ambao hawajafuzu, mradi awe amecheza angalau michezo 30 iliyohesabiwa ndani ya mwaka. Ding alikuwa nayo 4. Korona ilikuwa imembana China, na hata Grand Prix ya Berlin mwaka huo aliikosa kwa sababu ya viza. Ndiyo maana alihitaji 26 zaidi.

Sharti hilo nalipenda sana. Linamzuia mtu kukaa juu ya alama zake bila kugusa kete, akisubiri nafasi imfuate. Ding alilazimika kuziweka zake hatarini, na orodha ya Mei ilipotoka alikuwa na 2806, wa pili duniani nyuma ya Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo.

Shaka yako ina msingi kwa upande mmoja: michezo ikiandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja, watu watauliza kama matokeo yamepangwa. Hilo jedwali haliwezi kulijibu. Angalia basi alivyocheza mbali na kwao. Madrid, raundi ya mwisho ya Wagombea, Hikaru Nakamura alihitaji sare tu awe wa pili. Ding akamfunga, akamaliza wa pili nyuma ya Ian Nepomniachtchi. Wiki chache baadaye Carlsen akatangaza kwamba hatatetea taji, na nafasi ya pili ikawa na thamani ya mechi ya ubingwa.

Mechi hiyo, Ding dhidi ya Nepomniachtchi, ilichezwa Astana, Aprili 2023, na michezo 14 iliisha 7–7. Kwenye michezo ya kasi ya kuvunja sare, mitatu ya kwanza ilitoka sare. Katika wa nne Ding, mwenye kete nyeusi, alishambuliwa mfalme wake na malkia wa mpinzani kwenye mraba wa e4. Angeweza kumsogeza mfalme na hatua zikajirudia hadi sare. Hatua ya 46 akamkinga kwa ngome kwenye g6, ngome ambayo sasa haikuweza kuondoka mbele ya mfalme wake. Ukiwa na dakika chache za saa, hiyo inahitaji moyo! Nepomniachtchi alikubali kushindwa kwenye hatua ya 68, na China ikapata mwanamume wake wa kwanza bingwa wa dunia, miaka 32 baada ya Xie Jun kutwaa taji la wanawake.