Walilelewa kwa upendo, basi kwa nini walifarakana na walezi?

SWALI: Nasomea ustawi wa jamii. Tumefundishwa kwamba mtoto akipata mlezi mmoja thabiti mapema, hutulia. Mbona Waaborijini wengi, yaani wenyeji asilia wa Australia, walioasiliwa na Wazungu wakiwa wachanga, tena wengine wakapendwa kweli, walifarakana na walezi wao ukubwani?

JIBU: Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu. Mlezi thabiti humpa mtoto pa kuegemea; hamwambii yeye ni wa nani. Na hilo la pili ndilo serikali za Australia zilikuwa zikilifuta, tangu takriban 1910 hadi miaka ya 1970. Mwaka 1937 maofisa walikutana Canberra wakakubaliana kwamba Waaborijini wenye damu mchanganyiko wamezwe na jamii ya Wazungu. Watoto waliondolewa kwa familia zao: wengi walipelekwa kwenye makao ya watoto kama Cootamundra na Kinchela, wengine majumbani mwa Wazungu.

Sasa tazama mlezi alikabidhiwa nini. Mara nyingi alipewa mtoto pamoja na maelezo: mama amefariki, au hamtaki. Kwa aliyeasiliwa, cheti kipya cha kuzaliwa kilitolewa na cha awali kikafungiwa. Walezi wengi waliamini, wakayarudia maelezo hayo kwa nia njema kabisa.

Kesi ya Bruce Trevorrow inaonyesha ilivyokuwa, ingawa yeye alikuwa kwenye malezi ya kambo, yaani alilelewa na familia nyingine bila kuasiliwa kisheria. Krismasi ya 1957, akiwa na miezi 13, alipelekwa hospitali Adelaide akiumwa tumbo. Siku chache baadaye alikabidhiwa familia ya Kizungu bila wazazi wake kujua. Miezi ilipopita, mama aliandika barua kuuliza mwanawe atarudi lini. Akajibiwa kwamba anaendelea vizuri, ila daktari bado anamhitaji. Aliporudishwa, akiwa na miaka 10 hivi, hakuweza kukaa. Akaishia kwenye makao ya serikali. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba alichukuliwa kinyume cha sheria.

Fikiria mtu mzima anayefungua faili lake la serikali na kukuta barua kama hiyo. Ofisa aliyejibu hayupo tena. Aliyepo ni mama mlezi. Hasira humwangukia yeye, hata kama naye alidanganywa. Ongeza miaka ya kutukanwa rangi shuleni na kuambiwa nyumbani "usiwajali" na mtu ambaye hajawahi kuitwa hivyo. Kwa hiyo usichukulie kufarakana kuwa ushahidi wa kukosa upendo. Wapo ambao hawakugombana na yeyote, ila walisubiri walezi wafariki ndipo waanze kutafuta kwao, wasije wakawaumiza. Kwa mtazamo wangu huo nao ni mpasuko, ila hauna kelele, na wanataaluma wetu huupita bila kuuona.

Katika kazi yako, basi, usiishie kuuliza kama mtoto ametulia. Uliza pia kama jina la mama yake linatajwa mezani, na kama ndugu zake anawajua. Sheria ya 1983 ya Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia, ilianzia hapo: mlezi atafutwe kwa ndugu wa mtoto kwanza, kisha jamii yake, na nje ya hapo pale tu wote wanapokosekana.